Saa ya Kungoja Chai

Siku aliponikabidhi funguo, daktari wetu mzee hakunipa nasaha yoyote. Alizitoa mfukoni zikiwa zimefungwa kwa kamba ya kiatu, akaziweka juu ya meza ya sindano, akasema, "Huu mkubwa ni wa stoo. Kufuli lake lina kiburi, lisukume kwanza ndipo uzungushe." Kisha akaenda zake jikoni kuwaaga wapishi. Nilibaki nimesimama pale nikizitazama kama mtu aliyeachiwa mtoto asiye wake.

Watu wote walimwita daktari, ingawa kwa cheo alikuwa ofisa wa kliniki tu, na kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa manyata. Manyata lilikuwa boma nyuma ya hospitali yetu ya Garissa, lenye vibanda vya miti na mikeka ambavyo wanawake wa Kisomali walivijenga kwa mikono yao, kama vile vya malishoni. Waliokaa humo walikuwa wagonjwa wa kifua kikuu. Mfugaji hawezi kuja hospitalini kila siku. Leo yuko hapa, kesho mifugo imemvuta hadi mpakani. Kwa hiyo waliambiwa waje wakae, walale kwao wakiwa kwetu, mpaka dawa iishe.

Sharti lilikuwa moja, nalo ni dhamana. Hakuna aliyepokewa manyata bila mtu wa kumsemea. Mtu huyo alisimama mbele ya wagonjwa wote, akamshika mgonjwa wake mkono, akasema kwa sauti kwamba huyu ni wangu, atameza dawa mpaka mwisho, na akitoroka niulizeni mimi. Tangu hapo mdhamini hakwenda malisho ya mbali mpaka mtu wake amalize. Hakuwa mfanyakazi wa hospitali, kwa sababu mfanyakazi anaweza kuhamishwa kesho asubuhi. Wazee na daktari walikuwa wameyapanga hayo zamani, kabla sijafika. Nimeona watu wakivunja mambo mengi katika mji ule, lakini hilo sikuliona likivunjwa.

Mimi nilikuwa muuguzi wa sindano. Ni mtu wa mtoni, mzaliwa wa kusini kando ya Tana, mbali na Garissa. Kisomali changu kilikuwa cha kubabaisha, na hasira zangu zilikuwa za karibu sana. Daktari alizungumza na watu, mimi nikachoma sindano, na mgawanyo huo ulinifaa. Wala sikuwahi kutamani kiti chake.

Kisha mambo mawili yakatufikia kwa pamoja. Miaka hiyo ya tisini serikali ilikuwa ikipunguza wafanyakazi, na daktari akaona heri astaafu mapema kwa hiari yake kuliko kungoja asukumwe mlangoni. Na matibabu yenyewe yakabadilika. Badala ya yale ya mwaka mzima na ushei, zikaja dawa mpya za miezi michache, vidonge vya kumezwa kila asubuhi mbele ya macho ya muuguzi. Nilipelekwa Nairobi kwa mafunzo. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikiandika kila neno, na kila nililoandika liliniambia kwamba sasa sitaweza kujificha nyuma ya sindano.

Niliporudi sikuwa na usingizi. Nikilala naamka nimelowa jasho, shuka unaweza kuikamua. Chakula kilinishinda. Sketi ya kazi ilinipwaya kiunoni nikaifunga kwa pini. Nilikuwa na kikohozi kidogo, cha vumbi, nilijiambia. Mama mkalimani, mwanamke wa Kisomali aliyeajiriwa kufagia lakini kwa kweli ndiye aliyekuwa sauti ya manyata, alinitazama akasema, "Sista, hiyo ni mawazo. Mawazo nakula mtu." Nilikubaliana naye. Kila mtu aliyepewa kazi mpya mwaka ule alikuwa amekonda.

Nilikuwa naogopa, na niseme wazi nilichokuwa nikiogopa. Niliogopa kwamba watu wale walikaa manyata kwa sababu ya daktari, si kwa sababu ya dawa, na kwamba siku wakinitazama vizuri wangegundua hakuna mtu pale. Wangeondoka, nao wangekufa huko porini. Nilisimama mbele ya kioo nikajiambia "unaweza" jinsi tulivyoambiwa Nairobi, na yule wa kwenye kioo hakunisadiki.

Asubuhi ya kwanza ya vidonge niliwakusanya kwenye mkeka mkubwa, katikati ya vibanda. Mvua za Aprili zilikuwa zimepita, ardhi imeanza tena kupasuka. Nikawaeleza kupitia mama mkalimani kwamba dawa hii inataka tumbo tupu, na baada ya kuimeza mtu angoje saa moja nzima kabla ya kula au kunywa chochote. Nikaongeza kwamba rangi ya mkojo itabadilika, iwe nyekundu-nyekundu, na hiyo ni dawa tu, si damu. Waliitikia kwa vichwa. Mkojo haukuwashughulisha hata kidogo. Walichosikia ni kwamba hakuna chai.

Asiyejua uzito wa jambo hilo hajaishi Garissa. Mtu anaswali alfajiri, anakunywa chai ya maziwa yenye tangawizi na sukari ya kutosha kusimamisha kijiko, ndipo anaanza kuwa mtu. Wakati wa daktari birika lilikuwa likichemka kabla hata sindano hazijachemshwa.

Aliyesema alikuwa mchunga ng'ombe mmoja wa upande wa Hulugho, mtu mzima mrefu mwenye ndevu za hina, mkavu kama fimbo yake. Huyo ndiye aliyekuwa akiingia wa kwanza kwenye foleni ya sindano, na wengine wakamfuata. Nilimwita adeer, yaani baba mdogo, kama walivyomwita wengine.

"Sista, chai hakuna?"

"Chai iko, adeer. Baada ya saa moja."

"Kwa nini?"

"Dawa inataka tumbo tupu."

"Dawa ndiyo nataka tumbo tupu," akasema. "Mimi sitaki."

Mkeka mzima ukacheka. Damu ikanipanda usoni. Nikamwambia mama mkalimani, "Waambie mgonjwa haulizwi uji." Alinitazama, akafunga buibui lake vizuri, akakataa kutafsiri. Basi nikameza hasira, nikawagawia vidonge, nikahakikisha kila koo limeshusha. Halafu nikaketi chini pamoja nao. Haikuwa hekima, ilikuwa ukaidi. Sikutaka mtu aseme kwamba muuguzi amekwenda kunywa chai yake huku wao wanakauka. Tulikaa saa nzima tukitazamana. Ilikuwa saa ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa kazini.

Kufikia adhuhuri, wa kwanza alitoka chooni akiwa amejishika kichwa. Kisha wa pili. Mkojo ulikuwa mwekundu kama chai ya rangi iliyokolea, na kwa mwanamke mmoja hata machozi yalitia doa kwenye shela yake nyeupe. Nilikimbia huku na huku nikisema niliwaambia, niliwaambia, jamani si niliwaambia? Walikubali kwamba niliwaambia. Hilo halikubadilisha kitu.

Asubuhi iliyofuata mchunga ng'ombe alikuja akaketi mahali pake. Nilipompa vidonge akavipokea kwa adabu, akaviweka mbele yake juu ya mkeka, akaviacha hapo.

"Sista, sikia," akasema. "Kube naingia kwa ng'ombe, naleta homa. Siku ng'ombe nakojoa nyekundu, sisi najua hiyo imekwisha. Hakuna mtu nangoja. Sisi nachinja."

Alikuwa akizungumzia ugonjwa wa kupe, na kila mtu pale alishawahi kumchinja ng'ombe wa namna hiyo. Watu hawa hawakuwa wajinga. Walikuwa wameona mkojo mwekundu maisha yao yote, na haukuwahi kuwadanganya hata mara moja. Nikamwambia mtu si ng'ombe. Nikamwambia tulifundishwa na wataalamu.

"Wewe nasoma Nairobi," akasema. "Hiyo mzuri. Lakini wewe nameza?"

Nikampa aliyefuata vidonge vyake. Mama mkalimani alijibu kitu kwa Kisomali, sikuelewa. Wakazungumza kwa muda mrefu, kisha akanieleza walivyoamua. Hawawezi kuondoka bila kuwaambia wadhamini wao, hiyo ingekuwa aibu. Wadhamini wangeitwa waje Ijumaa asubuhi. Baada ya swala ya Ijumaa, anayeondoka ataondoka. Wengine waliendelea kumeza wakati wakingoja. Mchunga ng'ombe hakumeza, na nilijua kwamba akifunga mzigo wake, manyata litabaki vibanda vitupu.

Siku mbili hizo sikuwa mtu wa kukaribiwa. Nilimfokea mpishi, nikamfokea askari wa lango, nikavunja kikombe. Jamaa wa maabara ndiye aliyenisimamisha koridoni. Alikuwa mtu wa mizaha, lakini siku hiyo hakucheka. Alinipa kichupa cha makohozi kile kile tulichowapa wagonjwa.

"Sista, kikohozi chako hupita dirishani kwangu kila asubuhi kabla yako," akasema. "Mficha maradhi kilio humuumbua. Nijazie hiki."

"Ni mawazo," nikamwambia.

"Basi tutayaona kwenye darubini."

Mimi, niliyewauliza watu wengine kila siku ya kazi kama wanatokwa jasho usiku, kama nguo zinawapwaya, kama kikohozi kimepita wiki tatu, sikuwahi kujiuliza. Nilikuwa nimepewa neno mawazo nikalivaa likanitosha. Jioni aliniita, akanionyesha mahali pa kuweka jicho. Walikuwepo, vijidudu vya kifua kikuu, vijiti vyekundu vingi. Nilijua kuviona. Nilikuwa nimejifunza kuviona ili niwaeleze wengine.

Nilikwenda kwenye chumba changu katika nyumba za wafanyakazi, nikaketi kitandani na funguo mapajani. Nilichohisi kwanza hakikuwa huzuni, kilikuwa aibu. Watasema nini? Dawa yake inatia watu damu, na yeye mwenyewe ameoza kifua. Nikafikiri njia rahisi: niende kwa daktari mkuu wa hospitali, nimrudishie funguo, nipande gari katika msafara wa kwanza wa askari nirudi kwetu mtoni. Hakuna ambaye angenilaumu. Mtu mgonjwa haombi radhi kwa kuwa mgonjwa.

Nilikuwa na vidonge vyangu kwenye bahasha ndogo. Nilivimwaga kiganjani nivitazame. Na hapo, peke yangu chumbani, nikajikuta naviogopa. Mimi niliyesimama juu ya mkeka nikasema ni rangi tu! Niliufikiria mkojo wangu ukiwa mwekundu, nikavirudisha kwenye bahasha. Nikaelewa swali la mchunga ng'ombe. Hakuwa akinitukana. Alikuwa akiuliza kama ninajua ninachokisema au nimekisikia tu, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimekisikia tu.

Sikupata ujasiri usiku ule. Nilipata ukaidi, ule ule wa siku ya chai, na ukaidi unatosha kumtoa mtu kitandani.

Alhamisi nilimwona daktari mkuu. Alikuwa mtu mwema, mwenye kuchoka. Alisema atanipa likizo ya ugonjwa, niende kwetu na dawa zangu, naye atamwomba muuguzi mwingine kutoka kwingine aje kushika manyata. Nikamwambia nataka kutibiwa manyata, nilale huko huko, na mama mkalimani agawe vidonge mimi nikimwelekeza mpaka makohozi yawe safi. Akavua miwani.

"Unajua sharti la manyata. Mgonjwa bila dhamana hapokewi. Ndugu zako wako wapi?"

Ndugu zangu walikuwa kusini, na barabara siku hizo haikupitika ila nyuma ya magari ya askari. Hata kama ningewapelekea habari, wasingefika kwa siku moja.

"Kesho Ijumaa," akasema. "Ukipata wa kukusemea, kaa. Ukikosa, Jumatatu unasafiri, na funguo namwachia mwingine. Siwezi kuvunja kanuni kwa ajili ya mfanyakazi wangu halafu niwashike nayo wafugaji."

Alikuwa sahihi, na nilimchukia kwa hilo.

Ijumaa asubuhi manyata lilijaa. Wadhamini walikuja, wazee wenye vilemba, wenye maduka, kaka wenye nyuso za safari. Mchunga ng'ombe alikuwa na mzigo wake tayari, mkeka umekunjwa na kufungwa kwa kamba, kibuyu cha maziwa juu yake. Mdhamini wake, shemeji yake mwenye duka la nguo sokoni, aliketi kando yake akikuna shingo.

Sikusimama mahali pa muuguzi. Nilikwenda upande wa wagonjwa, nikaketi mwisho wa mstari wa wanawake, nikamwambia mama mkalimani awaambie. Aliwaambia kwamba sista ana ugonjwa huu huu, umeonekana juzi, na kwamba sista anataka kumeza dawa hii hii hapa hapa. Kisha akauliza, kama ilivyokuwa desturi, nani anamsemea.

Hakuna aliyesimama. Nilisikia kuku wa jikoni. Nilitazama vidole vyangu vya miguu, na niseme kweli, niliomba Mungu anifiche. Kwa miaka yote niliyokaa Garissa sikuwahi kujua kwamba sina mtu pale. Nilikuwa na kazi, nikadhani ni kitu kimoja.

"Sista." Alikuwa ni mchunga ng'ombe. "Watu yako iko wabi?"

"Mtoni, adeer. Mbali."

"Hakuna mtu hapa?"

"Hakuna."

Alitoa sauti ya ulimi, ya kuudhika, kama mtu aliyeona ndama ameachwa nje ya zizi. Akageuka akawaambia wenzake kitu kwa ukali. Mzee mmoja akampinga, na mama mkalimani akaninong'oneza: anasema mgonjwa hawezi kuwa dhamana ya mgonjwa.

"Mimi nakohoa, sijakufa," mchunga ng'ombe akasema kwa Kiswahili, ili nami nisikie. "Mdomo iko."

Akasimama. Desturi ni kushika mkono, lakini mimi si mke wake wala dada yake, na yeye alikuwa mtu wa dini. Akaninyoshea fimbo yake ya kuchungia. Nikasimama nikaishika upande wa pili. Ilikuwa laini, imelainishwa na kiganja chake kwa miaka.

"Huyu ni yangu," akasema, kwanza kwa lugha yake, kisha kwa yangu. "Nameza dawa mbaka mwisho. Nakimbia, nyinyi naniuliza mimi."

Shemeji yake akaangua kicheko. Alimwambia kwa Kisomali neno ambalo hata mimi nililielewa: umejifunga. Maana mdhamini haendi popote, na mzigo wake ulikuwa bado umekunjwa pale miguuni pake. Mchunga ng'ombe akautazama mzigo, akausukuma kando kwa mguu.

"Najua," akasema. "Fidonge yake lete. Na yangu lete. Sasa sisi naona nani nakojoa damu nakufa."

Nilimeza mbele yake. Maji yakanimwagikia kifuani. Yeye akameza baada yangu bila maji, akaniangalia saa nzima ile ya kungoja chai bila kupepesa. Adhuhuri nilitoka chooni, nikamwambia mama mkalimani, "Waambie na mimi ni mwekundu." Akatangaza kama mtu anayetangaza harusi. Kutoka upande wa wanaume nilimsikia mchunga ng'ombe akicheka, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi kirefu.

Si wote waliobaki. Vijana wawili waliondoka siku ile ile. Mmoja alirejea baadaye, mifupa mitupu, tukaanza naye upya. Wa pili hakurejea. Mdhamini wake alikuja peke yake, akaketi mlangoni mwa stoo kwa muda mrefu, akaondoka bila kunitazama usoni. Sikuwahi kumsahau kijana yule. Alikuwa na tabia ya kunisahihisha Kisomali changu, kila siku, bila huruma.

Nililala kwenye kibanda cha mikeka mwishoni mwa boma. Wiki za mwanzo nilikuwa mgonjwa tu, nikimwelekeza mama mkalimani kutoka kivulini. Makohozi yaliposafika nikavaa tena sare. Hofu haikuniacha eti kwa sababu tu kifua kimeanza kupona. Kila asubuhi niliamka nayo. Lakini kulikuwa na ile saa moja. Tunameza, tunaketi, hakuna chai, hakuna pa kwenda. Kwanza tulikuwa tukinung'unika pamoja. Kisha mtu akaanza kuulizwa habari za usiku, mwingine akasimulia kisima kilichokauka, mwanamke wa shela akanifundisha kusuka kamba za mikeka. Mchunga ng'ombe aliniuliza habari za mtoni, akashangaa kwamba watu wanakula samaki kwa hiari yao. Birika lilipofika nilikuwa nimeshakuwa mtu wa kuweza kuianza siku. Wa kwenye kioo sikumtafuta tena. Nilipokuwa na wasiwasi kama ninaiweza kazi, niliitazama fimbo ile imeegeshwa kwenye kibanda cha mchunga ng'ombe, nikajiambia kuna mtu amesema naiweza, na amejifunga kwa hilo. Basi nikaendelea.

Oktoba mawingu yakaanza kusogea kutoka baharini. Wafugaji wakawa wagumu kukaa. Wanasimama ghafla katikati ya mazungumzo, wananusa. Habari zilikuja sokoni kwamba upande wa Hulugho mvua imeshanyesha, majani yameota, ng'ombe wa mchunga ng'ombe wanachungwa na mdogo wake ambaye hakumwamini hata kwa mbuzi.

Naye alikuwa amemaliza. Wiki alizochomwa sindano kabla ya vidonge zilihesabiwa, na zile siku alizokataa kumeza tulizifidia. Jamaa wa maabara alimwonyesha kioo cha darubini kisicho na hata kijiti kimoja. Alikuwa amenenepa, ndevu zimetiwa hina upya. Nilimpelekea habari mwenyewe.

"Adeer, umemaliza. Enda kwa ng'ombe wako."

"Mimi namaliza," akasema. "Wewe bado."

Nikamwambia hakuna atakayemlaumu. Nikamwambia mvua haingoji. Nikamwambia mimi ni muuguzi, najua kumeza vidonge bila kuchungwa, na hapo sauti yangu ilikuwa imeshapanda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakunja mkeka wake akahamia dukani kwa shemeji yake, kwa sababu kibanda kilihitajika kwa mgonjwa mpya.

Kila asubuhi alikuja. Mtu mzima mwenye afya, asiye na kidonge cha kumeza, alipita langoni kabla jua halijawaka, akaketi mahali pake pa zamani kwenye mkeka, akanitazama nikimeza. Kisha akakaa saa nzima pamoja nasi bila chai. Siku ya kwanza mama mkalimani alimletea kikombe, akakisukuma. Mvua ilipoanza kunyesha Garissa penyewe, tukahamia chini ya paa la jikoni, naye akahama nasi, kanzu imelowa magotini, akitazama maji yakitiririka uani kama mtu anayetazama mali yake ikipita.

Asubuhi ya mwisho wa dawa zangu nilimeza kidonge cha mwisho. Tulingoja. Vyura walikuwa wakipiga kelele upande wa mto hata tukashindwa kuzungumza. Birika lilipokuja, alilichukua yeye mkononi mwa mama mkalimani, jambo ambalo mwanamume wa heshima yake hafanyi, akanimiminia kikombe cha kwanza. Akajimiminia chake. Tukanywa mpaka sukari ya chini.

Akasimama, akaninyoshea fimbo. Nikaishika upande wangu. Akaivuta taratibu mpaka ikatoka mkononi mwangu.

"Dhamana imekwisha," akasema.

Mzigo wake ulikuwa langoni. Aliubeba begani, akaondoka kwenye matope kuelekea kwa ng'ombe wake bila kugeuka. Nililia hadharani, mbele ya wagonjwa, na hakuna aliyejifanya haoni. Kisha mgonjwa mpya akaniuliza chai ya pili iko au hakuna, nikakumbuka kwamba sukari iko stoo. Nikazitoa funguo mfukoni, nikalisukuma kufuli kwanza, ndipo nikazungusha.